Postidoki ya Fizikia ya Nyuklia na Astrofizikia: Mwongozo Kamili kwa Anayeomba Akiwa Uganda

Kama unatarajia kutetea tasnifu yako mwezi wa sita mwakani, maombi yako ya kazi yanatakiwa yaondoke kati ya Oktoba na Desemba mwaka huu. Wengi wetu Uganda hatuambiwi hivyo mapema. Mtu anamaliza uzamivu, anavaa joho, jamaa wanachinja mbuzi, ndipo anaanza kuuliza nafasi ziko wapi. Msimu umeshafungwa. Ukifunguka tena unamkuta amebebeshwa vipindi vya kufundisha hadi shingoni, na makala yake hayajaguswa tangu siku ya joho. Nimewaona vijana wenye akili kali wakipotelea hapo, na inaniuma. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa nadharia aliyeko Makerere, Mbarara, Kyambogo, Kabale au Busitema ambaye bado ana mwaka mmoja au mmoja na nusu wa kujipanga.

Jina sanifu ni utafiti wa baada ya uzamivu. Kwa mdomo tunasema postidoki, nami nitasema hivyo. Ni kazi ya mkataba, kwa kawaida miaka 2, na mara nyingi huongezwa hadi 3. Unalipwa mshahara, hulipi ada. Waeleze watu wa nyumbani mapema. Mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, hujamaliza tu kusoma?" Nikamjibu, "Mama, hii ni kazi, wananilipa." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kiasi gani, na tukaelewana.

Hatua ya 1: Pata swali lililo lako

Kamati ikiwa na rundo la maombi mezani, inatafuta jambo moja: huyu anajua swali gani kuliko watu tulio nao tayari? "Nashughulika na nyota za nyutroni" (masalia yaliyobanana sana ya nyota kubwa zilizolipuka) ni mtaa mzima. Wao wanataka nyumba, na ikiwezekana mlango.

Uzuri wa taaluma yetu ni kwamba baadhi ya milango hiyo inafunguliwa kwa laptopu ya kawaida. Chukua mfano ambao huwapa wanafunzi wangu wote. Milinganyo ya Tolman, Oppenheimer na Volkoff inaeleza jinsi nyota nzito inavyojihimili dhidi ya uzito wake. Unaanza katikati ya nyota ukiwa na msongamano fulani, unapiga hesabu hatua kwa hatua kuelekea nje, na pale mgandamizo unapofika sifuri umefika kwenye uso wa nyota. Umepata uzito mmoja na nusu kipenyo kimoja. Badilisha msongamano wa katikati, rudia, na pointi zitajipanga kuwa mkunjo. Ukiandika kwa lugha ya kompyuta ya Pythoni, mkunjo mzima unakamilika kabla chai haijapoa.

Fanya mara ya kwanza ukichukulia kwamba nyutroni hazisukumani wala hazivutani. Utapata uzito wa juu kabisa wa takriban 0.7 ya uzito wa jua, jibu lile lile walilopata Oppenheimer na Volkoff mwaka 1939. Sasa tazama angani: palsa (nyota ya nyutroni inayozunguka na kutuma mapigo ya redio) iitwayo PSR J0740+6620 ina uzito unaokaribia jua 2.08. Pengo kati ya 0.7 na 2.08 linatokana na nguvu ya nyuklia, zile nyutroni zinazokataa kusongwa zaidi. Mwanafunzi akiliona pengo hilo kwenye mchoro alioutengeneza mwenyewe, huwa hasahau tena kwa nini fizikia ya kiini na fizikia ya nyota ni jamaa wa damu.

Kisha weka mlinganyo wa hali (unaosema mgandamizo ni kiasi gani kwa kila msongamano) unaojulikana, mathalani ule uitwao SLy, ambao jedwali lake linapatikana bure kwenye hazina ya mtandaoni ya CompOSE. Programu yako ikiwa sahihi, uzito wa juu utakuwa karibu na jua 2.05, na nyota yenye uzito wa jua 1.4 itakuwa na nusu kipenyo cha kilomita 11.7 hivi. Yaani kipenyo chake kinazidi kidogo tu mwendo wa Kampala hadi Mukono, na ndani yake kuna jua zima na karibu nusu ya jua jingine. Usiende mbele kabla namba hizo hazijatoka. Nimeona makala yaliyojengwa juu ya programu isiyopimwa, na aibu yake hukaa muda mrefu.

Ukishafika hapo, maswali ya kweli yanaanza. Mwaka 2021 jaribio la PREX huko Jefferson Lab, Marekani, lilitangaza kwamba ngozi ya nyutroni (tabaka la nje ambako nyutroni zinawapita protoni) kwenye kiini cha madini ya risasi 208 ina unene wa femtomita 0.28 hivi. Mwaka uliofuata jaribio ndugu yake, CREX, likapata 0.12 tu kwa kalsiamu 48. Modeli nyingi zikiridhisha moja zinakwaruzana na nyingine, na unene huo unahusiana moja kwa moja na mgandamizo ndani ya nyota ya nyutroni. Hapo pana kazi. Vivyo hivyo kwa nadharia fanisi ya kairali, njia ya kuhesabu nguvu kati ya nyukleoni (yaani protoni na nyutroni): inaaminika hadi karibu mara moja na nusu au mbili ya msongamano wa kiini, ambao ni nyukleoni 0.16 kwa femtomita ya ujazo. Juu ya hapo kila mtu ana njia yake ya kuendeleza mkunjo, na kila njia inatakiwa kujitetea mbele ya data ya NICER, darubini ya eksirei iliyoko angani, na ya mgongano wa nyota mbili za nyutroni uliosikika kwa mawimbi ya mvutano tarehe 17 Agosti 2017.

Kama moyo wako uko kwenye asili ya elementi, chagua kiini kimoja au mmenyuko mmoja ambao hesabu za mchakato wa unasaji wa haraka wa nyutroni (unaotengeneza elementi nzito kama dhahabu) zinautegemea, ukapime jibu linatikisika kiasi gani ukibadilisha thamani yake. Programu ya TALYS ya kuhesabu mimenyuko ya nyuklia ni ya bure, na viwango vya mmenyuko viko wazi kwenye hazina ya REACLIB. Kwa hesabu nzito zaidi, msimamizi wako anaweza kuomba muda kwenye kompyuta za Centre for High Performance Computing huko Cape Town kwa njia ya mshirika wa Afrika Kusini.

Hatua ya 2: Kazi yako ionekane

Weka makala yako kwenye arXiv, hazina ya wazi ya makala mtandaoni, kabla ya kuomba, angalau moja ambayo wewe ndiwe mwandishi wa kwanza. Vitengo vyetu ni nucl-th kwa nadharia ya nyuklia, na astro-ph.HE au astro-ph.SR kwa nyota. Mara ya kwanza unaweza kutakiwa uwe na mdhamini, mtu aliyekwisha kuchapisha katika kitengo hicho. Mwombe miezi miwili kabla, umtumie na makala yenyewe aisome. Usimkurupushe.

Orodha mpya ya arXiv hutoka saa tisa usiku kwa saa zetu, au saa kumi alfajiri Marekani wakiwa katika majira ya baridi. Ukiamka alfajiri imeshakusubiri. Jizoeshe kusoma vichwa vyote vya kitengo chako kila asubuhi ya siku za kazi, na makala moja kwa undani kila wiki. Ukiwa chuoni, tumia eduroam, Wi-Fi ya vyuo inayoletwa na RENU (mtandao wa elimu na utafiti wa Uganda), kupakua mafaili makubwa, halafu nyumbani usome bila kutegemea bando.

Na tafadhali, usilipe majarida yanayokuandikia barua pepe ya kukusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya siku 7. Makala iliyofia humo huwezi kuitoa ukaipeleka kwingine, na kamati zinayajua majina hayo.

Hatua ya 3: Watu watatu watakaokuandikia

Hapa ndipo maombi mengi ya kwetu yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karibu kila nafasi inataka barua 3 za mapendekezo. Barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, anahudhuria kanisani" imeandikwa kwa upendo lakini haikusaidii kitu. Barua yenye uzito inasema ulikwama wapi, ukatokaje, na ni jambo gani mwandishi mwenyewe amejifunza kutoka kwako. Angalau mmoja wa hao watatu awe nje ya chuo chako, mtu ambaye hakulazimika kukujua.

Atakujuaje? Kwa kukutana. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichoko Trieste, Italia, kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam kwa ajili ya watu kama sisi, na mara nyingi hugharimia safari za washiriki wanaotoka nchi zinazoendelea. Hapa jirani tuna tawi lake shirika, EAIFR, taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda huko Kigali. Kutoka Mbarara unafika kwa basi. African School of Physics imekuwa ikizunguka bara hili tangu mwaka 2010. Kwa nadharia ya nyuklia hasa, zifuatilie kozi za TALENT, pamoja na programu za vituo viwili vya nadharia hiyo, ECT* huko Trento, Italia, na INT huko Seattle, Marekani. Ukienda, usirudi na picha na begi tu. Chagua mtu mmoja ambaye kazi yake inagusana na yako, muulize swali moja uliloliandaa, na ndani ya wiki moja umpelekee kwa barua pepe mchoro unaotokana na mazungumzo yenu. Wawili kati ya walioniandikia barua nilianza nao hivyo.

Barua huombwa hivi: wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho, unamwandikia kila mmoja ukimwambatanishia wasifu, rasimu ya mpango wa utafiti, na jedwali la nafasi zote unazoomba, kila moja na tarehe yake na kiungo cha kupakia barua. Wiki 2 kabla, unamkumbusha. Siku 3 kabla, unamkumbusha tena. Usione haya, maprofesa wanashukuru kukumbushwa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuomba sikufanya hivyo. Mmoja wa waliokubali kuniandikia alisafiri kwenda kijijini kumzika shangazi yake, simu haikushika mtandao siku tano, nami niliona vibaya kumsumbua mfiwa. Maombi 4 yakafungwa yakiwa na barua mbili tu. Siku hizi nawaambia wanafunzi wangu wawe na mtu wa nne aliyekubali kusimama akiba, mwenye faili lote mkononi.

Hatua ya 4: Nafasi zinatangazwa wapi

Mahali pa kutazama kila wiki kuanzia Agosti ni matatu: ukurasa wa kazi wa INSPIRE, hazina ya makala za fizikia, rejesta ya kazi ya AAS, ambayo ni chama cha wanaastronomia wa Marekani, na tovuti ya AcademicJobsOnline. Tafuta majina ya vituo pia: maabara za nyuklia za FRIB katika Michigan State University (East Lansing, Marekani), TRIUMF huko Vancouver, Kanada, na GSI pamoja na chuo kikuu cha ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, na mtandao wa astrofizikia ya nyuklia wa N3AS wenye makao Berkeley. Barani mwetu, maabara ya nyuklia ya iThemba LABS karibu na Cape Town na vyuo vya Afrika Kusini vinavyotumia data ya MeerKAT, ile darubini ya antena 64, visiachwe. Wala usiichukulie EAIFR kama nafasi ya akiba. Kuna watu waliojijengea jina wakiwa Kigali.

Kuna ufadhili ambao unaombea wewe mwenyewe ukishakubaliana na mwenyeji. Humboldt ya Ujerumani hupokea maombi mwaka mzima. Marie Skłodowska-Curie ya Ulaya kwa kawaida hufungwa Septemba, na ina sharti kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hilo linawakata wengi waliosomea huko huko, lakini wewe uliyeko Uganda linakupa njia.

Angalizo la saa. Ukiona tarehe ya mwisho imeandikwa AoE (Anywhere on Earth), maana yake ni usiku wa manane wa mahali pa mwisho duniani kufikiwa na siku hiyo, na kwetu hiyo ni saa tisa alasiri ya siku inayofuata. Usiutumie muda huo. Umeme hukatika siku hiyo hiyo. Peleka siku 2 kabla.

Hatua ya 5: Nyaraka

Wasifu uwe kurasa 2 au 3, bila picha, bila dini, bila jina la baba wala idadi ya watoto. Orodha ya makala iwe na namba za arXiv.

Mpango wa utafiti ndio moyo wa maombi. Kurasa 3 zinatosha kama tangazo halijasema vingine. Linganisha mianzo hii miwili. Wa kwanza: "Tangu utotoni nimevutiwa na nyota za anga la Ankole." Wa pili: "Katika tasnifu yangu nimeonyesha kwamba modeli zinazokubali ngozi nyembamba ya kalsiamu 48 hutoa nyota zenye nusu kipenyo kidogo, katika miaka miwili ijayo nitapima kama uhusiano huo unabaki pale kutokuwa na uhakika kwa nadharia kunapohesabiwa." Msomaji wa mwanzo wa pili ameshajua ulichofanya na utakachofanya, na bado ana hamu. Anga la Ankole nalipenda kuliko watu wengi, lakini nafasi yake ni kwenye mazungumzo ya chakula cha jioni baada ya kupata kazi.

Weka mchoro mmoja wako mwenyewe. Kisha aya moja inayotaja watu wa kituo kile kwa kazi zao: utaleta nini, utachukua nini. Aya hii ubadilishe kwa kila maombi, na usome mara mbili jina la chuo kabla ya kubonyeza.

Cheti hakitakuwa tayari, maana mahafali huja miezi mingi baada ya utetezi. Kaombe mapema kwa msajili barua inayothibitisha kwamba umekamilisha masharti yote ya shahada. Pasipoti nayo ishughulikie sasa.

Hatua ya 6: Usaili

Usaili wa nadharia kwa kawaida ni wasilisho fupi la video, kisha maswali. Geuza saa kwa makini, maana sisi tuna kazi mbili: ya ukanda na ya kuhesabu Kiswahili. Saa 10 asubuhi ya Darmstadt kwa kuhesabu kwao (saa nne kwa Kiswahili) mwezi Desemba ni saa sita mchana kwetu. Saa hiyo hiyo ya East Lansing ni saa kumi na mbili jioni, na ya Seattle ni saa tatu usiku. Andika yote kwenye karatasi ukabandike ukutani.

Tafuta chumba chenye umeme wa akiba, simu yenye bando la laini nyingine ikiwa pembeni, na faili la slaidi uwe umeshalituma kwao. Mimi nilifanyia usaili kwenye ofisi ya rafiki iliyotazama barabara, boda zikipita, na nililazimika kurudia sentensi yangu muhimu mara tatu.

Fanya majaribio mbele ya watu wasiokuhurumia. Mwanafunzi mmoja nilimuuliza, "Msongamano ukizidi mara tatu ya ule wa kiini, ndani kuna nini?"

Akaanza, "Mwalimu, kuna kwarki huru..." Kwarki ni chembe zinazounda nyutroni na protoni.

"Una hakika?"

Akanyamaza. Nikamwambia aseme anachokijua: kwamba uwezekano upo wa haiperoni (chembe nzito kuliko nyutroni) au kwarki, kwamba haiperoni hulegeza mgandamizo na kuleta shida kwa nyota za jua 2, na kwamba hesabu yake haichagui upande bali inabeba yote kama upana wa utepe kwenye mchoro. Siku ya usaili wenyewe aliulizwa karibu vile vile. Alijibu akitulia, na nafasi akaipata.

Swali la kwao likija la "una maswali?", uliza postidoki wa zamani wako wapi sasa, na kama utaruhusiwa kuendeleza swali lako mwenyewe.

Hatua ya 7: Ofa, viza na fedha

Kwa nafasi za astronomia na astrofizikia, vyuo vingi vya Marekani hufuata makubaliano ya AAS kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Februari. Ukibanwa kabla ya hapo, omba muda kwa heshima ukiitaja tarehe hiyo. Ukipata ofa huku ukisubiri kituo unachokipenda zaidi, waandikie hao wa pili siku ile ile. Mara nyingi huharakisha.

Marekani wengi huingia kwa viza ya J-1: chuo kinakuletea fomu DS-2019 ya kukupokea, unajaza DS-160 ya kuomba viza, unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa kuwasajili wageni hao), unasailiwa ubalozini Nsambya. Kwa nchi nyingine, ulizia mapema kama viza inashughulikiwa Kampala au unatakiwa upande basi la Nairobi. Masharti hubadilika ghafla, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wenyewe wiki ile unayoomba, na usiweke maombi yako yote katika nchi moja. Baadhi ya nchi zitataka hati ya tabia njema kutoka ofisi ya Interpol ya Polisi ya Uganda. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Jambo la mwisho ambalo sikuambiwa na mtu ni fedha za kuhama. Mkataba ukisema gharama za safari zitarudishwa, maana yake unazitoa wewe kwanza: tiketi, amana ya nyumba, mwezi wa kwanza bila mshahara. Kabla ya kusaini, andika barua pepe fupi uombe chuo kinunue tiketi moja kwa moja na kikupe sehemu ya mshahara mapema. Vyuo vingi vina utaratibu huo, ila hawautaji mpaka uulize. Mimi sikuuliza. Nilikopa SACCO ya walimu, kaka yangu akaniwekea dhamana, na mkopo ule niliumaliza katika mwezi wangu wa nane kazini, theluji ikiwa imeshaanza kuanguka.